Matisse na studio yake nyekundu: chumba changu nikichore chote, au nichague?

Mchoraji wa Sakina (Arusha)

Habari zenu wapenzi wa sanaa. Nina swali ambalo kwa wenzangu wa kazini halijapata jibu, naomba waliobobea mnisaidie.

Nachora kwa kuuza, hapa Arusha, kwenye chumba cha kupanga Sakina. Kazi zinazoniweka mjini mnazifahamu: Wamasai wamejipanga mstari na shuka zao, twiga chini ya mgunga, Kilimanjaro na theluji yake. Nachora kwenye amerikani niliyoivuta kwenye fremu na kuipaka rangi nyeupe ya maji. Picha ikikauka naivua, naiviringisha, na wenye vibanda wa Soko la Wamasai wanapitia kuchukua. Kazi hizo nazifanya kwa moyo. Ila sasa nataka kuchora picha moja isiyo na mteja: chumba chenyewe ninachofanyia kazi.

Kilichonitia hamu ni picha ya mchoraji Mfaransa Henri Matisse iitwayo Studio Nyekundu, aliyoichora mwaka 1911. Kwa ambaye hajaiona: ni chumba kizima kilichomezwa na wekundu mmoja, sakafu na ukuta rangi ile ile, mpaka huoni kona ya kuta iko wapi. Meza, kiti, kabati la droo, saa kubwa ya kusimama, vyote vimebaki mistari myembamba ya manjano. Vilivyopewa rangi kamili ni picha zake mwenyewe zilizotundikwa na kuegemezwa ukutani, sanamu zake, sahani aliyoichora, na mmea mmoja unaojinyonganyonga kutoka kwenye chupa. Naitazama kwenye simu tu, lakini nahisi nimeingia chumbani na mwenyewe ametoka sasa hivi.

Maswali yangu: je, studio yake ilikuwa nyekundu kweli? Ile mistari ya manjano aliichora juu ya wekundu, au ilikuwaje? Na lililo kubwa zaidi kwangu: aliamuaje kitu gani kipewe rangi na kipi kibaki mstari?

Maana chumba changu kimejaa. Kuta ni bluu ya bahari iliyopauka, alizipaka mwenye nyumba. Dirisha ni moja, la nondo, linatazama kaskazini kwenye migomba ya jirani. Kuna makopo ya rangi ya mafuta yaliyoganda midomoni, mtungi wa gesi, ndoo ya maji, godoro ninalolisimamisha ukutani mchana ili nipate nafasi, stendi ya kuchoria aliyonichongea fundi seremala wa mtaani, na mabunda ya twiga yanayosubiri kuchukuliwa. Ukutani nimetundika picha chache nisizouza: mama akipepeta mchele, mdogo wangu amelala na sare ya shule, barabara ya Sakina usiku mvua ikinyesha.

Nimeshachora rasimu kwa mkaa. Nikiweka kila kitu, macho hayana pa kutua. Nikipunguza, kinakuwa chumba cha mtu yeyote. Mngenishauri vipi?

Fundi Mabango (Ngarenaro)

Dada, pole na kazi. Mimi naandika mabango ya maduka na majina kwenye daladala, kwa hiyo nitajibu pale ninapopajua.

Mistari ni rahisi. Chukua tepu ya karatasi, ikate myembamba, bandika pote unapotaka mstari, paka nyekundu juu ya kila kitu, kabla haijakauka sana bandua. Itatoka imenyooka safi. Na kwa wekundu usihangaike na vitubu vya bei. Nunua redoksaidi, ile wanayopaka mafundi wa kuchomelea kwenye mageti na nondo kabla ya rangi ya mwisho. Inafunika vizuri, mkono mmoja unatosha.

Nini kibaki na nini kitoke, hapo nawaachia wengine. Kwangu mteja huja na maneno yake tayari.

Mwalimu Mstaafu (Moshi)

Binti yangu wa Sakina, swali lako nimelisoma mara mbili kwa furaha. Nimefundisha uchoraji hapa Moshi miaka mingi, na picha hiyo nimeibandika ubaoni kuliko nyingine yoyote. Niruhusu nijibu kwa urefu.

La kwanza ni fupi. Hapana, chumba hakikuwa chekundu. Matisse na familia yake walihamia Issy-les-Moulineaux, pembezoni mwa Paris, mwaka 1909, na studio ikajengwa bustanini, jengo la kuunganishwa kutokana na vipande vilivyotengenezwa kiwandani. Ndani kuta zilikuwa nyeupe. Mgeni mmoja alipomtembelea akawa anautafuta ule ukuta mwekundu, Matisse alimweleza kwamba ukuta huo haupo kabisa.

La pili ndilo ningependa ulisome taratibu. Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, ambako picha hiyo ipo, yaliandaa maonyesho yake maalumu mwaka 2022, na wataalamu wao wa kuhifadhi picha waliichunguza tabaka kwa tabaka. Wakakuta kwamba chini ya wekundu kuna picha nyingine ya chumba hicho hicho, iliyokuwa imeshafika mbali: kuta za bluu, sakafu ya waridi, na samani za manjano ya udongo. Kuta za bluu, binti yangu, kama hizo zako. Wekundu ulikuja mwishoni, juu ya rangi zilizokwisha kukauka.

Kwa hiyo ile mistari haikuchorwa juu. Ni nafasi alizoziacha. Alipokuwa akipaka nyekundu alifika karibu na ukingo wa meza, akasimama, akaanza tena upande wa pili, na katikati ukabaki ufa mwembamba ambao rangi ya zamani inachungulia. Ndiyo maana mistari si ya manjano mitupu. Ukikuza picha kwenye simu yako utaona mahali pengine kuna bluu na pengine waridi, kutegemea chini palikuwa na nini. Samani hazikufutwa moja kwa moja. Zimebanwa pande zote mpaka zimebaki kingo.

Hapa natofautiana na Fundi Mabango, kwa heshima zote za kazi yake, maana kwenye bango tepu ni sahihi. Mstari wa Matisse unanenepa na kukonda, mahali unakatika, mahali umepinda kwa sababu brashi ilikuwa pana na mkono ulikuwa unaamua papo hapo. Ukibandika tepu utapata mstari unaofanana kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kiti chako kitaonekana cha kwenye ramani ya mjenzi. Acha nafasi kwa mkono. Utapoteza baadhi, na iwe hivyo.

Ila kwenye redoksaidi Fundi amegusa penyewe. Nyekundu aliyotumia Matisse huitwa nyekundu ya Venisi, na asili yake ni oksaidi ya chuma, kutu kwa lugha ya nyumbani. Ukoo wake ni mmoja na hiyo ya mageti. Ni rangi nzito, inafunika, haina mng'aro mkali, haipigi kelele. Angetumia nyekundu kali ya bendera, zile picha ndogo za ukutani zingezama.

Sasa lile swali lako kubwa, la nini kipewe rangi. Matisse hakuacha kanuni iliyoandikwa, kwa hiyo nakupa usomaji wangu mwenyewe, uupime. Tazama kilichobaki na rangi: karibu chote ni kazi ya mkono wake. Humo ndani wamehesabu kazi zake kumi na moja, yaani picha, sanamu na sahani moja. Ya zamani zaidi ni mandhari ndogo ya kisiwa cha Corsica ya mwaka 1898, alipokuwa kijana asiyejulikana. Kuna Baharia Kijana wa 1906, kuna Anasa ya Pili aliyoimaliza 1908, na picha ya maua ya mwaka ule ule wa 1911, yaani rangi yake pengine ilikuwa bado inanuka. Alichokinunua dukani, kiti, kabati, saa, kimekuwa mstari. Alichokitengeneza yeye kimebaki na mwili. Vipo vinavyovunja kanuni yangu, kama kile kisanduku cha kalamu za rangi mezani na ule mmea, lakini kalamu ni chombo cha kazi, na mmea ni kitu pekee chumbani kinachokua chenyewe. Nimevisamehe.

Ile saa haina mishale. Watu wengi wameandika mengi juu yake. Mimi huwaambia wanafunzi waitazame ilipokaa: wima, karibu na katikati ya picha, nguzo pekee iliyosimama katika chumba kisicho na kona. Ingekuwa na mishale, jicho lingeganda pale likisoma saa ngapi. Bila mishale jicho linapita na kuzunguka picha zote.

Halafu kuna jambo ambalo ningetaka ulibebe. Kati ya zile kazi kumi na moja, zilizosalia duniani ni kumi. Moja, picha kubwa ya mwanamke aliyelala uchi kwenye mandhari ya waridi iliyopambwa maua, iliharibiwa baada ya kifo cha Matisse, kwa maagizo yake mwenyewe. Picha hiyo leo huwezi kwenda kuiona popote. Imebaki ndani ya Studio Nyekundu, upande wa kushoto, imeegemea ukuta.

Sasa rudi kwenye chumba chako. Umetaja picha zako tatu ukutani kwa majina na kwa mapenzi. Twiga umewataja kama mabunda. Lakini mwanangu, twiga ndio wanaoondoka. Mama yako akipepeta mchele utakuwa naye siku zote, humuuzi. Twiga anaviringishwa, anapanda ndege, na huko aendako hujui amewekwa sebuleni au darini. Umechora wangapi, na una kumbukumbu ya wangapi? Picha ya studio ndiyo mahali pekee ambapo mchoraji wa kuuza anaweza kubaki na alichokiuza. Kwa hiyo usichore bunda. Mfungue twiga mmoja, aliyekutoka vizuri kuliko wengine, mvute kwenye stendi, umpe rangi kamili sawa na mama. Mtungi wa gesi na ndoo vikawe mistari. Godoro pia, ingawa hilo godoro lililosimama lina jambo la kusema, litazame vizuri kabla hujaliamua.

Na usianze na nyekundu! Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu wanafunzi wangu karibu wote walianzia hapo: wanapaka ubao mzima nyekundu, kisha wanachora mistari ya manjano juu. Kinachotoka ni pambo. Chora chumba chako kwanza na bluu yake yote, na makopo, na nondo za dirisha, kana kwamba hujawahi kumsikia Matisse. Kikishakauka, kaa nacho. Rangi itakayokimeza chumba itajulikana hapo, na huenda isiwe nyekundu. Yeye alikwenda kutoka bluu kwenda nyekundu kwa sababu picha aliyokuwa nayo mbele yake ilimpeleka huko. Wewe utapelekwa na yako.

Umesema picha hii haina mteja. Hata ile ilikataliwa. Mfanyabiashara wa nguo wa Moscow, Sergei Shchukin, aliyekuwa mnunuzi wake mkubwa na aliyekwisha kuchukua Studio ya Waridi ya mwaka huo huo, alitumiwa mchoro mdogo wa rangi za maji kuonyesha picha ilivyo, akajibu kwa adabu kwamba sasa anapendelea picha zenye watu. Ikaonyeshwa London 1912, ikavuka bahari 1913 kwenye maonyesho makubwa ya New York, Chicago na Boston, ikarudi kwa mwenyewe bila kununuliwa. Mwaka 1927 ikanunuliwa na kutundikwa kwenye klabu ya usiku huko Soho, London, watu wakicheza dansi mbele yake. New York waliipata 1949. Hesabu mwenyewe miaka.

Mchoraji wa Sakina (Arusha)

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma nikaenda kufungua bunda. Asante sana, sikuwahi kuwaza twiga kwa upande huo. Fundi Mabango asante na wewe, redoksaidi naitafuta.

Mwalimu, mawili zaidi kama hutachoka. Kwanza mwanga. Video za wazungu zinasema dirisha la studio litazame kaskazini ili jua lisiingie na mwanga usibadilike. Langu linatazama kaskazini, lakini sasa hivi jua linaingia mpaka kwenye stendi, mchana rangi zote zinabadilika. Pili, je, nijiweke mwenyewe ndani ya picha? Mwenye nyumba anasema chumba bila mtu ni picha ya kupangisha.

Mwenye Kibanda cha Vinyago (Moshi, Mbuyuni)

Naomba niingie. Mimi siyo mchoraji, nauza vinyago na picha, lakini napenda sana vitabu vya sanaa na Matisse ninaye.

Mwalimu ameitetea nyekundu vizuri, ila mimi kati ya studio zake mbili za 1911 naipenda ile ya waridi, ile iliyoko Makumbusho ya Pushkin, Moscow. Humo hewa inapita. Kuna dirisha katikati, nje kuna majani ya kijani, kuna kitambaa chenye maua kimetandazwa juu ya kizuizi cha kukunja, sakafu ya waridi imepumzika. Unaona chumba ni chumba na bustani ni bustani. Ile nyekundu imefungwa, hata dirisha lake la kushoto halikupi cha nje.

Dada amesema dirishani kwake kuna migomba. Dada, migomba hiyo ukiizamisha kwenye rangi moja utanisikitisha. Kijani cha mgomba baada ya mvua, jua likipita kwenye jani, ndicho kinachotufanya tujue tuko Arusha na siyo Paris. Mimi ningeacha dirisha lipumue. Na kuhusu twiga naungana na Mwalimu moja kwa moja. Nimeuza mamia ya picha na nyuso za waliozichora sizijui.

Mwalimu Mstaafu (Moshi)

Marahaba binti. Nimefurahi pia kumsoma jirani yangu wa Mbuyuni. Kwa dirisha anasema kweli. Katika studio nyekundu dirisha ni dogo na limekaa pembeni, na nakubali kwamba kwa chumba chenye migomba kanuni hiyo haitakufaa. Liweke kijani kamili. Litakuwa kitu kimoja zaidi kinachokua chenyewe.

Mwanga. Ushauri wa video hizo ni sahihi kwa Paris na London, ambako jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Sisi tuko kidogo tu kusini mwa ikweta, Arusha ni kama digrii tatu na nusu hivi. Jua la mchana linakaa upande wa kaskazini tangu katikati ya Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba, kisha linahamia kusini. Kwa hiyo dirisha lako litakuwa na mwanga mtulivu Novemba, Desemba, Januari, Februari. Miezi mingine jua litakuingilia. Habari njema ni kwamba Juni na Julai, wakati jua liko kaskazini zaidi, ndio msimu wenu wa baridi na mawingu, na wingu la Meru linafanya kazi ya pazia. Siku za jua tundika shuka jeupe dirishani. Au fanya kama Matisse: katika Studio Nyekundu hakuna kivuli hata kimoja. Tafuta, hutakiona. Kila kitu kina mwanga wake chenyewe, ndiyo maana hata hujui ni saa ngapi za siku.

Kujiweka ndani. Matisse alijaribu njia zote mbili. Mwaka wa 1916 alikuwa na chumba cha kufanyia kazi Paris kando ya mto Seine, pale Quai Saint-Michel, na kuna picha mbili za chumba hicho ningetaka uziweke ubavu kwa ubavu. Katika moja, iliyoko Washington, mwanamke amelala kwenye kochi, picha iliyoanzwa imewekwa kwenye kiti, na kiti cha mchoraji ni kitupu. Katika nyingine, iliyoko Paris, mchoraji amekaa mbele ya stendi, lakini hana uso wala nguo, ni umbo tu la rangi ya ngozi, wakati mwanamke anayechorwa amevaa joho la kijani na dirishani mji unaonekana. Kwangu mimi ile ya kiti kitupu ina nguvu zaidi. Huyu asiye na uso anachukua nafasi bila kusema lolote. Kile kiti kitupu kinanifanya nimtafute mwenyewe. Ulipoandika kwamba unahisi ametoka sasa hivi, ulikuwa umeshajibu.

Mwenye nyumba wako asiwe na wasiwasi. Mama yuko ukutani, mdogo wako yuko ukutani. Watu wapo.

Aliirudia nyekundu mwaka 1948, akiwa Vence, kusini mwa Ufaransa, mzee wa karibu miaka themanini: Chumba Kikubwa Chekundu. Mistari hapo ni myeusi, kona ya chumba imerudi, na ukutani kuna picha zake mbili, moja ya wino mweusi na nyeupe, nyingine ya rangi. Baada ya hapo alishika mkasi na karatasi za rangi zaidi kuliko brashi. Itazame ukimaliza yako, siyo kabla.

Na kwa kuwa tuko Kilimanjaro, kuna jina ningependa ulijue. Sam Ntiro, mzaliwa wa huku kwetu mwaka 1923, alisoma na kufundisha Makerere, akaenda chuo cha sanaa cha Slade huko London, na baada ya uhuru akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza. Mwaka 1956 alichora wanaume wanapeleka mbege kwa bibi harusi usiku. Picha hiyo imo katika mkusanyiko wa makumbusho hayo hayo ya New York yenye Studio Nyekundu. Mchaga na migomba yake, nyumba moja na Matisse. Ntiro alichora nyumbani hata alipokuwa mbali, na hakuhitaji simba wala twiga kumwonyesha mtu kwamba ni Afrika. Mtafute.

Fundi Mabango (Ngarenaro)

Mwalimu nimekuelewa kuhusu tepu. Nimejaribu jana jioni kwenye kipande cha hadibodi, kiti kimoja kwa tepu na kingine kwa mkono. Cha mkono kinatazamika zaidi, nakubali kabisa.

Dada, angalizo moja la kitaalamu. Ukianza na rangi ya maji chini, rangi ya mafuta inakaa juu yake bila shida. Usigeuze. Ukipaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta inayong'aa, itabanduka kwa magamba hata kabla ya mvua za vuli. Redoksaidi ni ya mafuta, kwa hiyo uko salama, ila ikoroge mpaka chini ya kopo maana udongo wake unatuama, na uipunguze kwa tapentaini kidogo kidogo.

Mchoraji wa Sakina (Arusha)

Asanteni wote. Nimevuta amerikani kubwa, urefu wa mlango kwa upana wa karibu milango miwili, imejaza ukuta. Rasimu nimeianza upya. Twiga mmoja amefunguliwa yuko kwenye stendi, dirisha linabaki na migomba, stuli yangu iko mbele na haina mtu. Godoro bado sijaamua. Wiki hii napaka bluu.

Mwalimu Mstaafu (Moshi)

Vizuri sana. Bluu ikikamilika na kukauka, ipige picha kwa simu kabla hujaweka rangi ya kumeza chumba, uitume hapa tuione. Matisse hakutuachia picha ya bluu yake. Imebidi wataalamu waitafute kwa vyombo zaidi ya miaka mia moja baadaye. Na godoro liache na rangi kwanza. Kulitoa baadaye ni rahisi kuliko kulirudisha.